Nani Anaziandikia Seva Zetu Amri? Maswali kutoka Nachingwea na Ruangwa

Mkulima wa korosho wa Ruangwa anapopeleka magunia yake kwenye chama cha msingi, anakabidhi mali yake kwa mizani anayoiona na kwa watu anaowajua kwa sura. Baada ya hapo mali hiyo inaingia katika ulimwengu asioufikia. Ghala linatoa stakabadhi. Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinatangaza mnada. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei ikatokea kwenye skrini, malipo yakapita benki. Kati ya mizani na benki zipo seva ambazo mkulima hazijui, diwani wake hazijui, na mara nyingi hata mtumishi anayezitumia kila siku hawezi kueleza zinatii amri za nani.

Si korosho peke yake. Ushuru wa halmashauri unakusanywa kupitia mfumo wa TAUSI. Fedha za zahanati na za shule zinaandikwa kwenye FFARS. Takwimu za wagonjwa wa Nachingwea zinaingizwa kwenye DHIS2. Sehemu kubwa ya uhusiano wa mwananchi na dola yake siku hizi hupita ndani ya seva. Hata hivyo mjadala wetu wa kisiasa kuhusu mifumo hii huishia mlangoni: nani kaizindua, imegharimu kiasi gani, mtandao unapatikana au haupatikani. Swali ninalotaka tulijadili leo liko hatua moja ndani zaidi. Nani anaamua seva hizo zifanye nini, anaamua kwa maandishi gani, na nani mwingine ana uwezo wa kuyasoma?

Wataalamu huliita jambo hilo usanidi. Programu ile ile ikiwekwa kwenye seva mbili inaweza kutenda mambo mawili tofauti kabisa, kutegemea mipangilio iliyopewa: nani aruhusiwe kuingia, mlango upi wa mtandao ufunguliwe, nakala ya akiba ichukuliwe saa ngapi na ihifadhiwe wapi, kumbukumbu za matumizi zitunzwe kwa muda gani. Anayedhani haya ni mambo madogo ya mafundi akumbuke tarehe 4 Oktoba 2021. Siku hiyo WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Hapakuwa na adui aliyevamia. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mabadiliko ya usanidi kwenye mitambo ya mtandao wake. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida iliwanyamazisha watu bilioni kadhaa.

Njia ya zamani ya kusanidi seva ni fundi kukaa mbele yake na kuipa amri moja baada ya nyingine kwa mkono. Leo anabadili hiki, kesho anaongeza kile, keshokutwa anarekebisha alichokiharibu jana. Baada ya miaka mitatu seva inafanya kazi, lakini hakuna aliyeandika kwa nini inafanya kazi. Maarifa yote yamo kichwani mwa mtu mmoja. Sasa chukua hali hiyo uiweke katika utumishi wa umma, ambako uhamisho ni jambo la kawaida. Ofisa TEHAMA anapata barua, anafunga mizigo, anakabidhi ofisi kwa karatasi yenye orodha ya kompyuta, printa na viti. Usanidi hauko kwenye orodha ya makabidhiano kwa sababu haukuwahi kuwa kitu cha kukabidhiwa. Anayefuata anaanza kwa kubahatisha, na huduma ya wananchi inategemea kama mtangulizi wake atapokea simu.

Tatizo hili si letu peke yetu, na dawa yake imekuwepo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oslo, alitengeneza CFEngine, programu iliyomwezesha msimamizi kuandika hali anayotaka seva zake ziwe nayo, kisha kompyuta zenyewe zikajirekebisha kuifikia hali hiyo. Puppet ilifuata mwaka 2005 na Ansible mwaka 2012. Wazo la msingi ni lile lile. Badala ya kutoa amri kwa mkono, unaandika faili la maelekezo linalosomeka, linalosema kwa mfano kwamba kila seva ya kundi hili iwe na saa sahihi, iwe na nakala ya akiba kila usiku, na isiruhusu mtu kuingia kwa nywila peke yake. Faili hilo ukiliendesha mara moja au mara kumi, matokeo hayabadiliki: seva iliyo sawa inaachwa ilivyo, iliyopotoka inanyooshwa. Zaidi ya yote, faili linaweza kuhifadhiwa, kusomwa na mtu wa pili, kulinganishwa na la mwaka jana na kukabidhiwa.

Zana hizi ni programu huria, yaani msimbo wake unaweza kusomwa, kubadilishwa na kusambazwa na yeyote. Wapo watakaosema vitu huria ni vya majaribio ya wanafunzi. Nawakumbusha kwamba DHIS2, tunayoitegemea kwa takwimu za afya za nchi nzima, ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa walioijenga. Kama tunaiamini ituhesabie vifo vya uzazi, hoja ya kudharau uhuria wake haina miguu.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya mabadiliko yaliyoletwa na toleo la 2.19 la kiini cha Ansible, lililotoka Julai 2025. Mabadiliko hayo yanaonekana ya kifundi, lakini ndani yake kuna mambo matatu ambayo kila mtumishi wa umma angefaa kuyatafakari.

La kwanza ni asili. Katika toleo hilo kila thamani inayotumika inaweza kubeba kumbukumbu ya mahali ilikotoka: faili gani, mstari wa ngapi. Kosa likitokea, programu haisemi tu kwamba kuna kitu hakiko sawa. Inakuonyesha mstari uliozaa kosa na mnyororo wa sababu uliolifikisha hapo.

La pili ni uaminifu. Zamani programu ilichukulia kwamba maandishi yoyote yanaweza kubeba maelekezo ya kutekelezwa, isipokuwa yale yaliyowekewa alama ya hatari. Sasa utaratibu umepinduliwa. Maandishi hayatekelezwi mpaka ijulikane yametoka kwenye chanzo kinachoaminika, kwa mfano faili alilolitunga msimamizi mwenyewe. Yanayoletwa kutoka seva ya mbali yanabaki kuwa maandishi tu, hata yakijivika vazi la amri.

La tatu ni ukweli wa jibu. Maelekezo mengi huwa na sharti: fanya hivi ikiwa jambo fulani ni kweli. Kwa miaka mingi programu ilikubali majibu ya ovyo. Mtu akiweka neno la kawaida mahali palipohitaji jibu la kweli au si kweli, neno lolote lisilokuwa tupu lilihesabiwa kuwa kweli. Hata ukiandika neno «hapana», kompyuta iliona kuna kitu kimeandikwa, ikaendelea kana kwamba umekubali. Toleo jipya linakataa. Sharti lisipotoa jibu la wazi, kazi inasimama na kosa linatangazwa.

Msomaji anayefanya kazi serikalini atakuwa ameshatabasamu. Ni vikao vingapi vyetu vinavyoendeshwa kwa kanuni ile ya zamani, ambapo alimradi kuna kitu kimeandikwa kwenye fomu, basi imekubalika? Ni takwimu ngapi zinazopanda kutoka kijiji hadi kata, kata hadi wilaya, wilaya hadi mkoa, huku asili yake ikidondoka njiani, mpaka zinapofika juu hakuna anayeweza kurudi kwenye daftari zilikoanzia? Na ni maagizo mangapi yanatekelezwa kwa sababu tu yamefika kwa sauti ya amri, bila mtu kuuliza yametoka kwa nani? Wahandisi waliotengeneza zana hii hawakuwa wakifikiria siasa za Lindi. Hata hivyo wamefika mahali ambapo sayansi ya utawala bora imekuwa ikituita siku zote: chanzo kijulikane, imani ithibitishwe, jibu liwe la kweli.

Jambo jingine linastahili kutajwa. Wahandisi hao walijua kwamba masharti mapya yangekwamisha mafaili mengi ya watu waliozoea ulegevu wa zamani. Wakaacha swichi ya mpito inayoruhusu masharti mabovu yaendelee kupita kwa muda, lakini kila mara yanapopita onyo linatolewa. Huo ni utaratibu wa mageuzi ambao viongozi wetu wangeweza kuujifunza. Hawakumfukuza mtu siku moja, wala hawakufumbia macho kosa. Walimpa aliyezembea muda, wakahakikisha kwamba uzembe wake unaonekana.

Sasa turudi kusini, kwa sababu jiografia yetu ina la kusema. Mei 2024 mikoa ya Lindi na Mtwara ilipata somo mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Tarehe 12 mwezi huo huo, nyaya za EASSy na SEACOM zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwemo. Ndani ya mwezi mmoja tuliona kwamba barabara ya lami na barabara ya data zote mbili zinaweza kukatika, na kwamba Nachingwea inaweza kubaki peke yake.

Katika hali kama hiyo, fundi anayekaa Dodoma au Dar es Salaam hana msaada. Hawezi kuja, na hawezi kuingia kwa mbali. Mfumo wa GoTHoMIS wa hospitali na vituo vya afya ulibuniwa uweze kufanya kazi kwenye seva iliyo ndani ya kituo chenyewe. Huo ni uamuzi wa busara kwa nchi kama yetu. Lakini seva iliyo jirani ina faida pale tu ambapo maarifa ya kuinusuru nayo yako jirani. Ansible haihitaji kituo kikuu kilicho mbali. Kompyuta moja ya kawaida, iliyo kwenye mtandao wa ndani wa hospitali na yenye mafaili ya maelekezo, inaweza kuirudisha seva katika hali yake hata kama Somanga hakupitiki na bahari imekata waya, alimradi vifurushi vya programu vimehifadhiwa hapo mapema. Tofauti kati ya hospitali inayorudi kazini jioni na ile inayosubiri wiki nzima inaweza kuwa faili moja lililoandikwa vizuri na mtu mmoja anayeweza kulisoma.

Nachingwea ina historia inayotuonya kuhusu mipango inayotungwa mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Maeneo matatu yalichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ujumbe wa wataalamu ulizunguka kwa wiki chache mwaka 1946, kazi ikaanza mwaka 1947, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikalazwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mashine zilikuwepo na fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mamlaka ya aliyeijua ardhi ile na mvua zake kusema hapana, na hapana yake ikahesabiwa kuwa hapana.

Sisemi kwamba mifumo yetu ya leo ni karanga za mkoloni. Imetengenezwa kwa sehemu kubwa na Watanzania, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kuweka viwango na kuzuia kila ofisi kujijengea kibanda chake. Hilo ni jema. Ninachosema ni kwamba kiwango kinachotoka juu bila msomaji wa chini kitaota kutu kama matrekta yale. Wilaya isiwe mahali pa kupokelea vifaa tu. Iwe mahali penye watu wanaosoma usanidi, wanaopendekeza marekebisho na wanaoweza kuonyesha mstari ulio na kosa.

Swali la umiliki nalo si dogo. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Perforce, iliyoinunua Puppet mwaka 2022, ilitangaza kwamba vifurushi vipya vya programu hiyo vitatolewa kupitia hazina ya faragha yenye masharti mapya. Kama Puppet ingekuwa mali ya siri, watumiaji wake wangebaki na mambo mawili: kulipa au kuhama. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, jumuiya ya Vox Pupuli iliuchukua, ikauendeleza kwa jina la OpenVox, na mwanzoni mwa 2025 toleo lake la kwanza likatoka. Mwaka 2023 hali kama hiyo iliikumba Terraform: kampuni iliyoimiliki ilibadili leseni, na watumiaji wakazaa OpenTofu. Kwa halmashauri yenye bajeti finyu, hili ndilo somo la leseni. Bei ya leo si kigezo cha kutosha. Cha kuuliza ni iwapo utabaki na njia ya kutokea siku mwenye mali atakapobadili mawazo.

Kuna pingamizi ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni ya usalama. Zana inayoshika funguo za seva zote ikiangukia mikono mibaya, maafa ni ya wote kwa pamoja. Ni kweli. Mei 2020 udhaifu uliogunduliwa katika Salt, zana nyingine ya jamii hii, uliwawezesha wavamizi kuingia kwenye seva za LineageOS na za jukwaa la Ghost. Lakini tiba ya hatari hiyo si kurudi kwenye amri za mkono zisizoacha alama. Tiba ni kusasisha zana kwa wakati, kutoiacha kompyuta ya kuongozea wazi kwenye intaneti, na kuhakikisha hakuna badiliko linalokwenda kwenye seva bila jicho la mtu wa pili. Ansible ina namna ya kujaribu inayoonyesha kitakachobadilika kabla ya kukibadilisha. Badiliko lolote lingeanza hapo, kisha kwenye seva moja, kisha kwenye nyingine.

Pingamizi la pili ni kwamba wilaya hazina wataalamu. Hapa naomba tuwe wakweli. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa TEHAMA kila mwaka, na wengi wao wanatafuta kazi. Upungufu tulionao ni wa nafasi zenye heshima na wa kazi yenye maana. Kijana aliyejifunza kusimamia seva anapoajiriwa halmashauri, akageuzwa mtu wa kubadili wino wa printa na kufunga projekta kwenye semina, tusishangae anapoondoka. Mafaili ya Ansible yanaandikwa kwa lugha nyepesi ya YAML. Mhitimu makini anaweza kuanza kuyaandika ndani ya wiki chache. Maelezo yaliyomo ndani yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ili mkaguzi wa ndani naye aelewe kilichokusudiwa.

Napendekeza mambo manne, na ninayapendekeza kwa Nachingwea na Ruangwa kwa kuanzia kwa sababu ni jirani, zinashirikiana katika ushirika mmoja wa mazao, na zinaweza kuazimana wataalamu. Kwanza, usanidi wa kila seva ya halmashauri na ya hospitali ya wilaya uandikwe kwenye mafaili na uwe sehemu ya makabidhiano ya ofisi kama ilivyo kwa stakabadhi za fedha. Pili, badiliko lolote lisomwe na ofisa wa halmashauri ya jirani kabla halijatekelezwa. Wa Ruangwa asome la Nachingwea, na wa Nachingwea la Ruangwa. Tatu, mkaguzi wa ndani aulize kila robo mwaka swali moja rahisi: ikiwa seva hii itaungua leo, ni faili gani litaijenga upya, na mara ya mwisho faili hilo lilijaribiwa lini? Nne, mikataba na watengenezaji wa mifumo iseme wazi kwamba usanidi ni mali ya umma na utabaki wilayani mkataba ukiisha.

Kwa wanaharakati naongeza neno. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zimetupa msingi wa kuuliza. Tumezoea kudai nakala ya bajeti. Tujifunze kudai pia maelezo ya jinsi taarifa zetu zinavyolindwa: nani anaingia, kumbukumbu zinakaa muda gani, nakala ya akiba iko wapi. Nywila na funguo zibaki siri, na zana hizi zina namna ya kuzifumba ndani ya mafaili. Kanuni zinazotuongoza hazina sababu ya kuwa siri.

Mkulima wa Ruangwa hahitaji kujua Ansible ni nini. Anahitaji kwamba uzito ulioandikwa ghalani ndio utakaolipwa, na kwamba kukitokea hitilafu yupo mtu, karibu naye, anayeweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mstari ulipokosewa. Kompyuta zimeanza kukataa amri zisizo na asili na majibu yasiyo ya kweli. Halmashauri zetu nazo zina uwezo wa kuanza kuyakataa, na bajeti ya mwaka ujao wa fedha ni mahali pazuri pa kuanzia.